Mstari Mmoja kwa Pumzi Moja

Wengi wetu tumepata kuusikia utunzi wa Curtis Mayfield pasipo kulijua jina lake. Wimbo "One Love" wa Bob Marley, jinsi ulivyotolewa mwaka 1977, umebeba ndani yake sehemu ya "People Get Ready", utunzi wa Mayfield uliotolewa mwaka 1965.

Alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 3 Juni 1942. Nyumbani hapakuwa na mali, lakini bibi yake alikuwa mhubiri, na kijana alianza kuimba kanisani kwake. Gitaa alijifundisha mwenyewe, akakaza nyuzi zake zifuate vibonyezo vyeusi vya piano, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwonyesha njia nyingine. Pamoja na wenzake wa kundi la The Impressions aliimba nyimbo zilizowatia moyo watu weusi waliodai haki zao. Na mwaka 1972, katika nyimbo za filamu "Super Fly", aliwaonya vijana juu ya dawa za kulevya.

Tarehe 13 Agosti 1990, huko Brooklyn, upepo mkali uliangusha mitambo ya taa za jukwaani, ikampiga. Akapooza kuanzia shingoni.

Hatuthubutu kusema kwamba Mungu alimwangushia taa zile ili amfunze jambo. Maneno ya namna hiyo waliyasema rafiki zake Ayubu, nao wakakemewa. Tunapokwenda kumtazama mgonjwa, afadhali tukae kimya naye.

Lakini wanakwaya wetu wanajua kwamba aimbaye huhitaji kifua chenye nguvu. Mayfield hakuwa nacho tena. Hata hivyo alirudi kurekodi, na albamu yake, "New World Order", ikatoka mwaka 1996. Ilibidi alale chali ili mapafu yapate nafuu kidogo. Akaimba mstari mmoja, akapumzika, akaimba mwingine. Sisi tunaoahirisha mazoezi ya kwaya kwa sababu ya manyunyu ya mvua, tuitafakari kazi ile ya mstari kwa mstari.

Mwaka 1998 alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Alifariki tarehe 26 Desemba 1999, siku ya pili ya Noeli, akiwa na umri wa miaka 57. Gitaa hakulipiga tena tangu siku ile ya Brooklyn.