Mtoto Aliyeketi Kando ya Ukuta

Katika karamu za Shule ya Jumapili tunapenda sana mchezo wa viti. Wimbo ukinyamaza, watoto hukimbilia viti, naye akosaye hutoka. Lakini ni nani hutoka kwanza? Mara nyingi ni yule mdogo, au yule aliyelemaa mguu. Hukaa kando ya ukuta akiwatazama wenzake, na soda iliyo mkononi haimfurahishi.

Nabii Zekaria, sura ya 8, akitabiri kurejeshwa kwa Yerusalemu, aliona watoto tele, wavulana kwa wasichana, wakicheza barabarani. Hakutaja hata mmoja aliyetolewa.

Basi tucheze Ukuti. Wote hushikana mikono, huzunguka, huchutama pamoja, wala hakuna atokaye. Kisha tufungue mifuko ya karatasi ya unga, tuibandike pamoja kwa uji mzito wa ngano, tuchore safina ya Nuhu kwa makaa. Kila mtoto atie mnyama wake. (Tusiwasahihishe, tembo wa miguu sita naye aingie.) Na yule wa kando ya ukuta apewe kipande cha makaa kwanza.