Mashahidi wa Yezreeli



Wapendwa viongozi wa walei na wanajumuiya,

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 kwamba hazina za Maandiko Matakatifu zifunguliwe kwa wingi zaidi mbele ya waamini. Tunda lake ni utaratibu wa masomo ya Misa wa mwaka 1969, ambao kwawo somo la kwanza la siku za juma katika Kipindi cha Kawaida huzunguka kwa miaka miwili. Ndiyo maana kila Mwaka wa II, Jumatatu na Jumanne za juma la 11, tunasomewa habari za Nabothi wa Yezreeli.

Mnaikumbuka habari hiyo. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu lililopakana na jumba lake, apate bustani ya mboga. Alitaja bei, akaahidi hata shamba jingine lililo bora. Nabothi akakataa, kwani ule ulikuwa urithi wa baba zake.

Tumezoea kumlaumu Ahabu na mkewe Yezebeli, nao wanastahili. Lakini tazameni ni akina nani waliomwua Nabothi. Yezebeli aliandika barua kwa wazee wa mji wa Nabothi mwenyewe, akazitia muhuri wa mfalme. Wazee wakatangaza mfungo. Wakamketisha Nabothi mbele ya watu. Wakaletwa mashahidi wawili, idadi ile ile iliyotakiwa na Sheria ya Musa, wakamzulia kwamba amemlaani Mungu na mfalme. Akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe. Kikao kilikuwepo, ushahidi ulikuwepo, hata ibada ilikuwepo. Kilichokosekana ni mzee mmoja wa kusimama na kusema, "Huu ni uongo."

Ndugu zangu, nina jambo la kukiri mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya Misa ya asubuhi ambamo nilisoma habari hii, mjane mmoja alinifuata mlangoni mwa sakristia. Shemeji zake walikuwa wameandika muhtasari wa kikao cha ukoo kwamba shamba la marehemu mumewe si lake. Kati ya waliotia sahihi alikuwemo kiongozi wa jumuiya yetu, ambaye alijua vema kwamba shamba lile wawili wale walilinunua pamoja. Mama yule aliniomba niwaite wazee. Nilimjibu, "Mama, tusali, Mungu atatenda." Kisha nikaenda kunywa chai. Siku ile nilikuwa mmoja wa wazee wa Yezreeli.

Huenda mtu akasema: Injili ya Jumatatu ile ile inatufundisha kumgeuzia shavu la pili atupigaye. Ni kweli. Lakini Bwana alisema juu ya shavu langu mimi. Hakuniruhusu kuligeuza shavu la jirani yangu. Naye mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakulipiza kisasi, wala hakunyamaza: alimtaka yule mtumishi aeleze kosa lake. Tunayasikia hayo kila Ijumaa Kuu. Kusamehe ni fadhila ya aliyeonewa; kusema kweli ni wajibu wa aliyeshuhudia.

Nasi hatukosi njia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hapa kwetu Tanzania inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na inabatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Lakini baraza hilo husuluhisha tu, nalo huhitaji kusikia ushahidi. Shahidi wa kweli akibaki nyumbani, wa uongo hushinda.

Siku ya Jumanne tunasikia Eliya akimkabili Ahabu, naye Ahabu akararua mavazi yake, akafunga. Mungu akaiahirisha adhabu. Lakini Maandiko hayatuambii kwamba shamba lilirudishwa kwa jamaa ya Nabothi. Zakayo alikwenda mbali zaidi: alirudisha mara nne. Basi tusiridhike na machozi ya kitubio huku mpaka wa shamba ukibaki pale ulipohamishiwa.

Mimi nilichelewa. Nilipokwenda kwa wazee, shamba lilikwisha uzwa, na mama yule alikuwa amehama. Nawaombeni ninyi msichelewe.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Je, yupo mjane au yatima kati yetu ambaye mali yake inagombaniwa? Ni nani kati yetu aujuaye ukweli?

2. Je, nimewahi kutia sahihi yangu, au kunyamaza, kwa kuogopa ndugu au mkubwa?

3. Juma hili, ni nani atakayefuatana na mwenzetu huyo barazani?

Amani ya Kristo iwe nanyi.