Bendera Iliyorudi Nyumbani

Askari atokapo vitani mara nyingi huja na kitu cha adui: kofia, upanga au saa. Twakiita kumbukumbu ya ushindi, lakini kilikuwa na mwenyewe.

Katika Vita Kuu ya Pili, askari wengi wa Japani walichukua bendera zilizoandikwa majina ya jamaa na majirani waliowatakia heri. Mwaka 1944, kisiwani Saipan, askari mmoja wa Marekani alitwaa bendera ya namna hiyo kwenye maiti ya Mjapani. Akaiweka nyumbani kwake zaidi ya miaka 70. Jamaa za marehemu hawakupata mwili. Waliletewa sanduku lenye mawe machache tu. Mwaka 2017, mzee yule akiwa na miaka 93, alisafiri hadi Japani akaikabidhi kwa mikono yake. Mdogo wake marehemu akaiinamia, akainusa.

Zakayo naye hakuishia kufurahi mezani pamoja na Bwana. Aliahidi kurudisha mara nne. Je, nyumbani mwetu mna nini cha mwenzetu? Shamba la mjane? Jembe la jirani? Tusingoje miaka 70. Bwana atusaidie. Amina.