Mkrismasi wa Uwanja wa Chama: Kuupanda na Kuutunza

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa makatibu wa vyama vya msingi, Singida)



Chama chetu kilikuwa na mkrismasi mmoja mbele ya ghala. Msimu wa alizeti wanachama walingojea mizani kivulini mwake, na ilipokaribia Krismasi ulivaa maua mekundu, uwanja mzima ukapendeza. Lakini tuliupanda hatua tatu tu kutoka ukutani. Mizizi yake, ambayo hutambaa karibu na uso wa ardhi, ilipasua sakafu ya ghala, nasi tukalazimika kuukata. Siku hiyo hakuna aliyefurahi. Nazungumza nanyi ili msirudie kosa letu.

Asili ya mti huu ni Madagaska, nao ukishakomaa hustahimili ukame. Mbegu zake zina ganda gumu. Zimwagieni maji ya moto, ziloweni usiku kucha, kisha mzipande katika viriba mwezi Agosti. Mvua za Desemba zikishatulia, chimbeni shimo la sentimeta 60 kila upande, mkachanganye udongo wa juu na samadi iliyooza. Shimo liwe mita 10 kutoka kwenye jengo lolote au bomba la maji.

Sherehe za kupanda miti aghalabu hufanyika Machi au Aprili. Kwa wenzetu wenye mvua za masika jambo hilo linafaa. Kwetu Singida mvua hukoma Aprili, na mche uliopandwa wakati huo huingia kiangazi kabla haujashika mizizi. Basi sisi tupande Desemba au Januari.

Kiangazi ndicho kiuacho miche. Upeni ndoo moja ya maji mara mbili kwa juma katika kiangazi cha kwanza, na hata cha pili. Wekeni matandazo, lakini yasiguse shina, yasije yakawaita mchwa. Zungushieni boma la miiba, kwani mbuzi hawajui mali ya ushirika. Maua msiyatarajie kabla ya miaka mitano.

Ndugu Makatibu, mche wa watu wote hufa kwa kiu mbele ya macho ya watu wote. Kikao kimteue mtu mmoja wa kuumwagilia, na jina lake liandikwe katika muhtasari. Sisi tulifanya hivyo tulipopanda mwingine, mita 12 kutoka ghalani. Krismasi iliyopita ulitoa maua yake ya kwanza.