Kipimo cha Damu na Akili ya Mgonjwa wa Kiharusi



Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka jijini Dar es Salaam, na 108.6 wilayani Hai, kwa viwango vilivyosawazishwa kwa umri. Wanaopona, sisi wauguzi na madaktari tunawaruhusu pindi mguu unapokanyaga na mkono unaposhika. Miezi michache baadaye ndugu wanaturudishia mtu anayetembea vizuri, lakini amesahau namba ya siri ya simu, na dawa za presha ama anazimeza mara mbili ama hazimezi kabisa. Hilo la dawa ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwani ndilo linaloleta kiharusi cha pili.

Huenda usahaulifu huo unahusiana na kinga ya mwili: sehemu ya ubongo ikikosa damu, seli zinazokufa huiamsha. Inflamesheni inaanza: kemikali ya kinga iitwayo intalukini-6 inapanda, ini linaipokea ishara hiyo na kutengeneza protini ya CRP, ambayo hufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Kinga hiyo tunaihitaji, maana ndiyo inayosafisha mabaki. Balaa ni pale isipotulia. Mwaka 2013 watafiti wa Tel Aviv walionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi wenye ESR ya juu, kipimo kingine cha damu cha inflamesheni, walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya akili, na hipokampasi zao, sehemu inayotunza kumbukumbu, zilikuwa ndogo zaidi. Mwaka 2015 ikaonekana kwa panya wa maabara kwamba wiki kadhaa baada ya kiharusi seli B za kinga hujikusanya kwenye kidonda cha ubongo, na kumbukumbu huporomoka wakati huo, si mwanzoni. Panya walioondolewa seli hizo hawakudhurika hivyo.

Je, tumpime kila mgonjwa CRP? Kwa wodi zetu, nasema bado. CRP hupandishwa pia na malaria, kifua kikuu na vidonda vya mgongoni. Ya siku ya tatu mara nyingi inatupa habari za mapafu: ndugu, kwa upendo, wamemnywesha mgonjwa uji akiwa amelala chali, koo limelegea, uji umepita njia ya hewa. Na kuishusha CRP si sawa na kumwokoa mgonjwa. Katika jaribio la CONVINCE la 2024, dawa ya kolchisini iliishusha, lakini haikuthibitika kuzuia kiharusi kingine.

Kwa hiyo nguvu zetu ziende kwenye inflamesheni tunayoweza kuizuia kwa mikono yetu. Mgonjwa ajaribiwe kumeza maji kidogo kidogo, akiwa ameketi, kabla ya kupewa chochote. Asafishwe kinywa. Mpira wa mkojo utolewe mapema. CRP ikipimwa, iandikwe imepimwa siku ya ngapi na kama kulikuwa na homa. Bila hayo namba haisomeki.

Akili nayo ipimwe. Kipimo cha IDEA, kilichoandaliwa Hai, hakihitaji kalamu wala kisomo: mgonjwa anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbuka maneno kumi, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Alama za juu kabisa ni 15, na anayepata 7 au chini achunguzwe zaidi. Naomba kiingie kwenye fomu ya kliniki ya miezi mitatu, na ndugu anayesimamia dawa aulizwe siku hiyohiyo jinsi zinavyomezwa.