Kijani Kisicho Malisho: Mvua, Moto na Ng'ombe katika Mbuga za Karagwe na Kyerwa



Tangu 1972 setilaiti za Landsat zinaipiga picha nchi hii. Mtafiti aliyeketi ofisini huona bonde limezidi kuwa kijani, akaandika kwamba nyika imepona. Mpelekeni mchungaji bonde hilohilo. Atauliza ng'ombe wale nini. Kijani kile ni vichaka vya miiba, na setilaiti haina tumbo.

John Hanning Speke alipopokewa na Omukama Rumanyika mwaka 1861, alikuta vilima vya nyasi na ng'ombe wenye pembe ndefu. Tumezoea kuziita nyasi zile za asili. Mimi nasema zilitunzwa: ng'ombe walikula, wachungaji walichoma, miche ya miti ikafa ingali michanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ukafagia mazizi. Ng'ombe wakapungua, vichaka vikasonga mbele, na mbung'o akapata kivuli. Mambo haya aliyafuatilia John Ford, mtaalamu wa mbung'o, aliyeandika historia ya Karagwe pamoja na R. de Z. Hall mwaka 1947.

Je, mvua? Ina sehemu yake. Huku hatupati mvua nyingi kama ya Bukoba. Tuna misimu miwili, Septemba hadi Desemba na Machi hadi Mei, na kati yake kiangazi. Mvua ikinyesha kwa vishindo, maji huzama chini kuliko mizizi ya nyasi, mti ukayanywa. Hewa ya ukaa inayoongezeka nayo huipendelea zaidi miti kuliko nyasi zetu za nchi za joto.

Lakini mvua peke yake haielezi yote, maana ileile hunyesha pande zote mbili za ua wa malisho. Malisho yakiliwa hadi shinani, moto hukosa cha kuchoma, na mche ukishavuka kimo cha ndimi za moto hauguswi tena. Kwa hiyo ng'ombe wachache mno huleta vichaka, na ng'ombe wengi mno huleta vichaka vilevile. Hapo ndipo wanafunzi wangu hukunja uso kila mwaka.

Si ng'ombe na moto tu walioibadilisha nyika: mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walikata kuni. Miti ikapungua palipokuwa na kambi. Mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ng'ombe hawaruhusiwi humo, basi kazi ya kuzuia vichaka imebaki kwa wanyamapori na moto.

Na moto upi? Wahifadhi wengi hupenda kuchoma mapema, Juni, nyasi zikiwa na unyevu: moto mpole, salama, usioua kichaka. Mchungaji huchoma Agosti, nyasi zikiwa kavu kabisa, na moto huo huunguza miche hadi chini. Kwa miaka mingi tumemwita mharibifu.