Mzee Katika Vitabu Vyema: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata

Matini ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba



Siku ya Wazee Duniani iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Hapa nchini, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 60 na kuendelea. Kila siku hii inapofika husemwa habari za matibabu, vitambulisho na pensheni, na ni haki zisemwe. Mazungumzo haya yanagusa jambo lisilosemwa sana, nalo ni namna mzee anavyosimuliwa.

Mtoto aghalabu hukutana na mzee wa hadithini kabla hajamfahamu vyema bibi yake mwenyewe. Katika ngano nyingi ajuza hukaa peke yake pembezoni mwa kijiji, macho mekundu, na watoto wapitapo mlangoni pake hukimbia. Hadithi hizo si mzaha mtupu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ni dalili. Wekundu huo mara nyingi ni kazi ya moshi wa jikoni uliovutwa kwa miaka arobaini au hamsini. Bibi anayepikia kuni Kinole au Kolero ana moshi ule ule machoni. Ikiwa hadithi mbaya yaweza kumtia mtu hatarini, basi hadithi njema haikosi kuwa sehemu ya ulinzi wake. Ndiyo sababu vitabu vifuatavyo vinapendekezwa visomwe majumbani na shuleni.

Cha kwanza ni kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni kisa cha mume na mke waliokosa mtoto. Ndugu wa mume wanamsonga amwache mke au aoe mwingine. Wazazi wa mke nao wanamchukua binti yao kumrudisha nyumbani. Myombekere hakubali kumpoteza Bugonoka. Anakwenda ukweni, anatimiza alilotakiwa, anamrejesha, kisha wawili hao wanatafuta tiba kwa uvumilivu hadi wanapata mtoto wa kiume na baadaye wa kike. Mwandishi hamwachi msomaji kwenye furaha ya kuzaliwa watoto, mahali ambapo visa vingi hukoma. Anaendelea nao mpaka uzeeni na mpaka kifo. Uzee wao si aibu wala mzigo, bali ni mavuno ya maisha yaliyolimwa vizuri. Wanaonekana wakifundisha, wakipokea wageni, wakipatanisha na kuheshimiwa.

Habari za mwandishi mwenyewe nazo zina funzo. Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Aliandika kitabu hicho kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945, lakini hakikupata mchapishaji. Yeye na mkewe walizeeka wakiwa wawili, bila mtoto wa kuwatunza. Katika umri ambao wengi huona kazi imekwisha, mzee huyo alikaa chini akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mamia kwa mamia. Kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Leo kinahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za fasihi ya Afrika. Kazi ya kukifikisha kwa Watanzania wote ilifanywa na mkono wa mzee.

Cha pili ni Wasifu wa Siti binti Saad, alichokiandika Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini, akawa akiuza vyungu. Hakupata elimu ya shule. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa tayari mtu mzima mwenye kujua taabu za ndoa na ulezi. Sauti yake ilimpandisha pole pole, hata mwaka 1928 akasafiri kwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Wakati huo alikaribia miaka 50. Mwanamke anayedhani kwamba fursa zimekwisha kwa sababu watoto wamekua na mvi zimeota, kitabu hiki kinamwonyesha mwenzake ambaye jina lake lilivuka bahari katika umri huo huo. Siti alifariki mwaka 1950, na kumbukumbu yake haijafifia.

Cha tatu ni cha Shaaban Robert huyo huyo, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Mwandishi alizaliwa mwaka 1909, akatumikia serikali kwa zaidi ya miaka 30, kisha akageuka kuutazama umri wake kwa utulivu. Mtumishi anayekaribia kustaafu atapata humo mtu asiyeogopa kuhesabu miaka yake. Kitabu chake kingine, Utubora Mkulima, ni riwaya ya mtu anayeiacha kazi ya ofisini na kwenda kushika jembe kijijini. Utubora si mzee, ila swali lake ni la kila mstaafu anayerudi Mkuyuni au Matombo: je, heshima ya mtu imo katika cheo alichokiacha, au katika kazi anayoifanya sasa?

Mfano wa jibu ulitolewa na Mwalimu Julius Nyerere. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirejea Butiama, na pamoja na shughuli zake nyingi aliendelea kutafsiri. Ujanani alikuwa amefasiri tamthilia za Shakespeare. Uzeeni alizitia Injili katika tenzi, zikatolewa mwaka 1996, alipokuwa na umri wa miaka 74.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kusifu uzee ni kuficha maumivu yake. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alitoa mwaka 1952 kisa kifupi cha mvuvi mzee aliyepitisha siku 84 bila kupata samaki. Anapompata mkubwa kuliko wote, papa wanamla njiani, na mzee anafika pwani na mifupa mitupu. Ila yupo mvulana aliyefundishwa uvuvi na mzee huyo tangu utotoni. Anamletea chakula na kahawa, anamlinda usingizini, na bado anataka kwenda naye baharini. Kisa hicho hakisemi kwamba mzee hushinda daima. Kinasema kwamba mzee mwenye kijana kando yake hajashindwa.

Uluguru ina maneno yake katika jambo hili. Kwa Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, na haki ya ardhi imepita humo vizazi kwa vizazi. Kwa hiyo bibi mzee mara nyingi ndiye anayejua mpaka wa shamba ulipo, nani alipewa lipi, na kwa sababu gani. Vijana wakiteremka kwenda mjini Morogoro au Dar es Salaam, yeye hubaki mlimani na wajukuu na jembe. Asipoulizwa akiwa hai, kesi ya mpaka huja baada ya matanga, na shahidi hayupo tena.

Vivyo hivyo kwa historia. Mwaka 1955 wakazi wa milima hii walikataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kulazimisha matuta ya ngazi, na ghasia zikazuka Matombo. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati huo sasa amekuwa mzee sana. Anayoyakumbuka yeye ni kitabu kisichoandikwa bado, nacho hakingoji. Mwanafunzi mwenye daftari moja na subira ya majioni machache anaweza kuliokoa hata sura moja.

Yako mambo matatu yanayowezekana bila kusubiri bajeti. Kwanza, kusoma kwa sauti. Wazee wengi wa leo walijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima, baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wanajua herufi, lakini macho yamechoka. Mjukuu akisoma kurasa tano kila jioni, nakala moja yatosha nyumba nzima, na mtoto naye hunoa usomaji wake. Inafaa pia mzee apelekwe kupimwa macho kwenye kituo cha huduma za afya, kwa kuwa pengine kinachomzuia kusoma ni miwani tu.

Pili, kutafuta vitabu. Maktaba ya Mkoa iliyopo mjini Morogoro, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ni mahali pa kuanzia. Walimu wakuu na Afisa Elimu Kata waweza kuulizwa kuhusu vitabu vilivyomo katika maktaba za shule, kwani kazi za Shaaban Robert zimesomwa shuleni kwa miaka mingi.

Tatu, kulipa baraza la wazee la kijiji nafasi ya kusimulia mbele ya wanafunzi, hata mara moja kwa muhula, mwalimu akiandika.

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko huo hautoki wenyewe. Hukwanguliwa na mwenye njaa. Watoto wa kata hii wana njaa ya kusimuliwa, na wazee wa kusimulia bado wapo.